Maji Kutoka Japani

Jumamosi ya kwanza ya maua, Kavutha alioga kwa maji yasiyofika nusu ya karai, akavaa gauni lake la kanisani, akachukua mtungi wa manjano na kwenda kuitembelea Japani. Japani iko Kinanie, kando ya barabara ya vumbi iendayo mtoni. Jina halisi la bustani hiyo limeandikwa langoni kwa herufi za shaba, lakini hakuna anayelitumia. Wafanyakazi huaga asubuhi kwamba wanakwenda Japani, na jioni hurudi kutoka Japani wakiwa na njaa. Wenye mali ni kampuni ya wafanyabiashara wa Nairobi ambao waliwahi kwenda Japani yenyewe kwenye mkutano, wakapendezwa.

Kavutha alikuwa ameishi jirani na bustani hiyo tangu ilipozungushiwa ua, na hakuwahi kuingia. Sasa alikuwa na sababu. Mwanawe Muli, anayeshona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha EPZ Athi River, alimwambia kwenye simu kwamba mtu hawezi kukaa mahali pasipo na maji. Walibishana tangu Juni, mto ulipokauka, na mwishoni Kavutha akakubali: maji yasiporudi kabla maua ya Japani hayajaisha, angemuuza ng'ombe wake Ndune na kuhamia chumbani kwa Muli. Hakutaka kuhama. Kaburi la mumewe liko nyuma ya jiko, na kila anapochambua maharagwe humweleza habari za siku hiyo. Lakini alikuwa ametoa neno lake. Tena hakutaka kufika Athi River, aulizwe kama alipata kuiona Japani, aseme hapana.

Wiki ya kwanza ya maua wenyeji huingia bure. Mtungi alikuwa nao kwa sababu baada ya matembezi angeendelea hadi kwenye kioski cha maji sokoni.

Langoni alikuwapo Nzuki, mlinzi, mtu wa kijiji kimoja naye.

"Mama Muli, na hiyo mtungi unapeleka wapi? Huku si mtoni."

"Natembea nayo. Hata yenyewe haijawahi kuona Japani."

"Utaniletea maneno na bosi."

"Wewe maneno ulizaliwa nayo. Fungua."

Nzuki alifungua.

Ndani kulikuwa na daraja jekundu, samaki wanene wa rangi ya chungwa, na taa za mawe zisizowashwa. Kulikuwa pia na uwanja wa mchanga uliochorwa mistari kwa reki ili ufanane na maji, na kibao kilichoomba watu wasiukanyage. Kavutha aliutazama mchanga huo kwa muda mrefu. Aliukumbuka ukipakiwa kwenye malori kule mtoni.

"Huu mchanga ni wetu," alimwambia mwanamke aliyekuwa akipiga picha kando yake.

"Kweli kabisa, mama," mwanamke yule alisema. "Ni wetu sote Wakenya."

Kutoka hapo wageni wote walielekea kwenye wisteria. Ni mmea wa kutambaa. Ulikuwa umepandishwa kwenye ujia mrefu wenye nguzo za mbao na paa la fito, na maua yake ya zambarau yalining'inia kwa vichala, kila kichala na urefu wa mkono wa mtoto. Wenye ujuzi wa mimea husema wisteria haitoi maua mpaka ipitie majira ya baridi kali. Kinanie haina baridi kali. Mwaka huo ilitoa maua hata hivyo, kwa sababu ilikuwa imekunywa sana.

Kavutha aliingia chini ya ujia pamoja na wageni wengine, akitembea polepole na kutazama juu kama wao. Katikati ya ujia kichala kimoja kilijivuta, kikarefuka kama shingo ya ng'ombe inayotafuta hori, kikashuka mpaka usawa wa kiuno chake na kuanza kudondosha maji. Kisha yakatiririka. Kavutha alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye mtungi hufanya mbele ya maji yanayotiririka: alifungua kifuniko, akatega. Mtungi ulipojaa kichala kilikata maji, kikapanda kikarudi mahali pake. Alionja. Yalikuwa ya baridi, na yalikuwa na ile ladha kidogo ya chuma. Maji ya mto Kyandili yana ladha hiyo, na hakuna mengine Kinanie yaliyo nayo.

"Mumefanya vizuri," alimwambia Nzuki wakati wa kutoka. "Iko na bomba."

Mto Kyandili hauna maji ya kuonekana isipokuwa wiki chache za mvua. Maji yake hukaa ndani ya mchanga. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita, wanawake wa kijiji walifanya mwethya, yaani kazi ya pamoja ambayo kila boma hutoa mtu, wakajenga ukuta wa mawe kukatiza mto. Mvua zilipokuja mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakajaa ndani ya mchanga. Tangu hapo walichimba shimo kwa mikono, wakangoja lijae, wakachota kwa kata. Mawe ya ukuta huo walikuwa wameyabeba vichwani kutoka kilimani. Kavutha ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na alibeba kuliko wote ili asisemwe. Japani ilipojengwa, kampuni ilichimba kisima cha mashine hatua chache kutoka ukutani na kuweka pampu. Katika mwaka wa tatu wa pampu, shimo la wanawake likawa shimo tu.

Jumatatu wanawake wa kikundi walifika langoni na mitungi yao. Vichala vilishuka kwa kila mmoja, ila si kwa kiasi kimoja. Aliyekuwa amebeba mawe mengi alipata mkondo mnene. Aliyekuwa akija mwethya kwa kuchelewa alipata mkondo mwembamba, na mwenyewe hakulalamika. Mjane mmoja aliyekuwa akimtuma binti yake badala yake hakupata kitu, lakini binti huyo, ambaye sasa ana wajukuu, alijaziwa mitungi miwili. Wake wachanga walioolewa kijijini baada ya ukuta kumalizika walipita chini ya ujia wote, wakatoka wakavu.

Nzuki aliacha lango akaja kujaribu. Siku za ukuta alikuwa kijana mwenye nguvu, na kila asubuhi mgongo ulimuuma. Kichala kilimshukia taratibu, kikatoa tone moja kwenye kiganja chake, kikatulia.

"Ilikuwa mgongo," Nzuki alisema.

"Hilo ni la lile jiwe ulilokalia," mwanamke mmoja alimwambia. "Ulilisogeza kidogo ukifuata kivuli."

Walicheka, kisha wakajitwisha mitungi.

Meneja wa bustani anaitwa Josphat Muthoka. Amesomea kilimo cha maua chuo kikuu na anaijua kazi yake. Yeye alikuwa wa kwanza kabisa kuloweshwa, siku kadhaa kabla ya Kavutha, ila hakumwambia mtu. Kila alipopita chini ya ujia vichala viwili vilimfuata na kumwagia maji begani. Mwanzoni alibadilisha mashati. Baadaye alinunua mwavuli mkubwa mweusi. Wageni walidhani ni desturi ya Kijapani, na kabla wiki haijaisha duka la bustani lilikuwa likiuza miavuli.

Kavutha alimkuta chini ya mwavuli huo asubuhi ya Alhamisi, maji yakiupiga kwa nguvu hata ikabidi wapaze sauti.

"Josphat, weka mwavuli chini tuongee."

"Niko kazini, mwaitu." Alimwita hivyo, mama kwa Kikamba, kwa sababu wageni walikuwa mbali.

"Wewe ni mtoto wa Mukai. Alikuwa anabeba jiwe kichwani na wewe mgongoni. Na ulikuwa mzito kushinda jiwe."

"Niliambiwa."

"Basi maua yamekuhesabia."

"Naona."

"Hii maji ni ya mto. Pampu yenu inavuta, mmea unakunywa, halafu unatupatia kidogo. Si mzime pampu, mchanga ujae, kila mtu achote kwake? Hawa wasichana wetu hawapati kitu hapa."

"Hiyo imenipita, mwaitu. Kampuni iko na kibali. Kibali ni ya maji ya chini ya ardhi. Mto ni maji ya juu."

"Mto wetu uko juu? Wewe umelelewa na maji ya kata hapo. Si unajua maji yetu inakaa chini?"

Josphat alijibu, lakini maji yalikuwa yanapiga mwavuli.

"Unasema?"

"Nasema najua!"

Wageni waligeuka. Josphat aliwapungia mkono, akaendelea na ukaguzi wake, na vichala vikamfuata mpaka mwisho wa ujia.

Siku hiyohiyo aliwapigia simu wenye kampuni. Aliwaeleza habari za vichala, habari za ukuta, na alichoambiwa na Kavutha kuhusu pampu. Walimsikiliza kwa makini. Jumamosi bustani ilitangaza Saa ya Vyungu: wanawake wa kijiji wangeteka maji chini ya wisteria kila asubuhi, na wageni wangetazama. Mitungi ya manjano ilikuwa inaharibu picha, kwa hiyo waliombwa waje na vyungu vya udongo. Walipewa leso za zambarau, za kuacha getini wakati wa kutoka. Waliombwa wapitie lango la mizigo. Kuhusu pampu, kampuni ilisema wazo hilo limepokelewa.

Chungu ni kizito hata kabla ya kutiwa maji. Wanawake walikubali. Waliteka, wakatazamwa, wakatoka, na nje ya lango la mizigo wakamimina katika mitungi yao na ya wake wachanga waliokuwa wakiwangoja. Hivyo ndivyo kijiji kilivyokunywa. Ndune alikunywa pia, akaanza tena kutoa maziwa ya chai. Muli alipopiga simu, Kavutha alimwambia maji yapo.

"Mto umerudi?"

"Maji imerudi. Mto bado."

"Sasa hiyo maji inatoka wapi?"

"Japani."

Muli alisema maua si kitu cha kukaa, na kwamba ahadi ni ileile.

Wiki ya tatu alikuja Abdilatif. Yeye ni mfanyabiashara wa mbuzi, makao yake mjini Machakos, na kwa miaka mingi amepitisha mifugo hapo akielekea vichinjioni Athi River. Siku za ukuta, Kavutha alimkuta akinywesha mbuzi kwenye shimo la zamani, akamwambia mwenye kunywa hubeba. Abdilatif, kijana wakati ule, alifunga kikoi akabeba mawe wiki nzima pamoja na wanawake, akiimba nyimbo zao bila kujua maana yake. Baadaye aliambiwa maana, akaona haya. Sasa alisimama langoni na ndevu zake za hina, mbuzi nyuma yake.

"Mbuzi hapana," Nzuki alisema.

"Mbuzi hawajabeba mawe, mimi ndiyo nilibeba. Wao wakae hapo na wewe. Wewe pia hukubeba."

"Nani amekuambia?"

"Wallahi, mpaka Garissa inajulikana."

Alipewa leso ya zambarau, akajifunga kiunoni. Kichala kilimjazia ndoo baada ya ndoo, na mbuzi wakanyweshewa kwenye lango la mizigo. Wageni walimpiga picha nyingi. Kabla ya kuondoka alikaa juu ya ndoo, akamuuliza Kavutha kama ni kweli anahama.

"Nimeahidi mtoto. Maua ikiisha, naenda."

"Athi River utafanya nini, mama?"

"Nitaangalia suruali za watu zikipita."

Abdilatif alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema mtu akizoea kuchota kwa nguvu zake, maji ya kununua hayamkati kiu. Kavutha alimjibu kwamba kiu hiyo ndiyo atakayokwenda nayo.

Maua ya wisteria huisha baada ya majuma machache. Haya hayakuisha. Josphat aliongeza saa za pampu, na juu ya kila kichala kilichozeeka kiliota kingine. Wageni waliongezeka. Mchanga wa Kyandili ulikauka zaidi, hata upepo ukaanza kuuhamisha. Kisha, katikati ya Oktoba, pampu iliungua.

Kwa siku mbili vichala vilitoa maji kidogo, siku ya tatu havikutoa. Vilianza kuwa vyeupe kwenye ncha. Fundi alishuka kisimani na kupanda akisema kosa si la pampu, imekuwa ikivuta hewa, maji yameshuka. Kampuni iliamua kichimbwe kisima kipya cha mtoni, kipana, kirefu kuliko cha kwanza, kijengewe kwa mawe kuanzia chini. Mashine ya kuchimba ililetwa, ikazama mchangani mpaka kwenye vyuma vyake, ikavutwa na kurudishwa Nairobi. Nyingine ingepatikana mwezi ujao. Josphat alimweleza Kavutha haya yote akiwa chini ya ujia, mwavuli ukiwa umefungwa mkononi, kwa sababu haukuwa na kazi.

Muli naye alipata habari. Alisema angekuja Jumapili na pikapu.

Jioni ya Ijumaa wanawake wa kikundi walikaa uani kwa Kavutha, wale wa zamani na wake wachanga. Mmoja wa wachanga alisema jambo lililokuwa vichwani mwa wote.

"Si tuache tu? Pampu imekufa. Tungoje mvua, mchanga ujae, turudi kuchota kwetu."

"Mvua ni lini?" Kavutha aliuliza.

"Ikikubali, mwisho wa Novemba."

"Na ikishanyesha, wataacha kununua pampu ingine?"

"Watanunua," mwanamke mmoja wa zamani alisema.

"Na mpaka Novemba mtoto wako anakunywa nini?" Kavutha alimuuliza yule mchanga.

Msichana alimtazama mtoto wake, aliyekuwa amelala na kinywa wazi. Kavutha hakufurahia kushinda mabishano hayo. Aliuliza kama kuna mwenye neno lingine, kwa kuwa angependa kulisikia. Ndune alikuwa akilamba chungu kitupu. Mwishowe Kavutha alisimama, akasema kwamba kesho asubuhi ni mwethya wa kile kisima cha kampuni, kila boma litoe mtu, na kwamba asiyebeba jiwe asije kulilia maua.

Walianza alfajiri. Wenye majembe walichimba mchangani kwa zamu, na wengine wote walipanda kilimani na kushuka kwa mstari, mawe vichwani juu ya kata za nguo. Kilima kilekile, njia ileile. Wake wachanga ndio waliokimbia zaidi. Nzuki alikuja akiwa na sare ya ulinzi, akachagua jiwe kubwa, na ingawa mgongo ulimuuma kweli, alilifikisha. Josphat alikuja na viatu vya ofisi kupima kina, akapima, akabaki amesimama ukingoni akishika kamba ya kupimia. Mwanamke aliyepita aliweka jiwe mikononi mwake. Josphat alilishusha kisimani kwa uangalifu mkubwa, akarudi ofisini kuandika ripoti. Ripoti ilisema jamii inashirikiana vizuri na kampuni.

Jumapili Muli alifika nyumbani kwa mama yake na pikapu ya kukodi na magunia matupu. Hakukuta mtu. Aliwafuata mtoni kwa kusikia sauti zao. Kavutha alikuwa akipanda kutoka shimoni, mchanga mpaka nyusi.

"Umefika. Hiyo gari inabeba uzito gani?"

"Mama, nimekuja kukuchukua."

"Najua. Umekodisha mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni."

"Sasa jioni si bado?"

Muli aliliangalia shimo, akaangalia bomba jipya la plastiki lililoelekea uani kwa Japani.

"Mama, hii kisima si yetu. Mnawachimbia wale wale walitukaushia mto."

"Ndiyo."

"Na mnajua."

"Tunajua, Muli. Shika hapo upande wako, hii ni nzito."

Lilikuwa jiwe zito kweli, na Kavutha alikuwa ameshainama. Muli hakuweza kumwacha aliinue peke yake. Waliliinua pamoja wakalishusha shimoni. Baada ya hilo alivua viatu, akavipanga kwenye nyasi, akamwambia dereva apeleke gari kilimani. Pikapu ilibeba mawe mpaka giza likaingia. Dereva, ambaye si wa Kinanie, alibeba pia, kwa kuwa kukaa tu ndani ya gari kulimtia aibu. Magunia waliyatumia kuzuia mchanga usibomoke.

Kisima kilimalizika Jumamosi iliyofuata, na pampu mpya ikawashwa. Maji yalipatikana chini sana. Miti ya mikuyu ya ukingoni, ambayo haikuwahi kupukutisha majani wakati huo wa mwaka, ilianza kupukutisha. Wisteria ilifungua vichala vipya kwa usiku mmoja, na asubuhi bustani ikatangaza kwamba msimu unaendelea.

Wake wachanga waliingia kwa lango la mizigo, wamevaa leso za zambarau, kila mmoja na chungu chake, na vichala viliwashukia. Nzuki alipata kikombe kizima, akakinywa akiwa amesimama wima. Muli aliingia wa mwisho. Alisimama katikati ya ujia akijiona mjinga, mikono mitupu, wageni wakimwelekezea simu. Kichala kilichukua muda. Kisha kilirefuka, kikamfikia kifuani, kikatoa maji membamba kama uzi wa cherehani. Aliweka viganja chini yake. Vilijaa polepole, lakini vilijaa.

"Imekujua," Kavutha alisema. "Mwaka wa kwanza inakuwa hivyo. Ukiongeza mawe inaongezeka."

"Kwa hivyo huhami."

"Niende wapi na maji iko hapa?"

Muli alikunywa kilichokuwa viganjani, akapangusa mdomo kwa leso ya kampuni, akaikunja ili airudishe getini. Kavutha alimsindikiza mpaka lango la mizigo, chungu kichwani, bila kukishika.

"Jumapili ijayo fika mapema," alimwambia. "Na useme na yule dereva. Josphat anasema watajenga ujia wa pili, na hii kisima haitatosha."